Picha ya Wasifu: Nguo Mpya Iache Kabatini

Rafiki akishapata miadi ya kupigwa picha rasmi, ile ya kuweka kwenye wasifu wake wa kazi au tovuti ya ofisi, swali huwa ni lile lile: ninunue nini? Nami jibu langu halijabadilika: usinunue kitu. Nguo mpya hamjazoeana nayo. Kola bado ngumu, mabega hayajalala vizuri, na utashinda unajivutavuta mbele ya kamera huku mpiga picha akisubiri utulie. Kutojiamini huko huonekana usoni. Chukua ile ambayo ukiivaa watu hukuambia "leo umependeza" bila hata kuitaja nguo yenyewe.

Halafu kumbuka kwamba picha za namna hii mara nyingi hukatwa kifuani. Kinachobaki ni kola, mabega na kipande kidogo cha kitambaa chini ya kidevu, basi hangaikia hapo. Mshono wa bega uishie pale bega linapoishia; ukiteremka kuelekea mkononi, unaonekana umeazima koti la kaka yako. Mwenye shingo fupi hupendezwa na shingo ya V au shati lililofunguliwa kifungo cha juu, kwa sababu ngozi inayoonekana huirefusha shingo. Mwenye shingo ndefu avae kola ya kusimama bila wasiwasi. Ila blauzi ya shingo pana sana ina hatari yake: picha ikikatwa juu kidogo, nguo inatoweka kabisa na mtu anaonekana hakuvaa kitu. Hiyo si picha ya kumpelekea mwajiri.

Kwenye rangi ndiko ushauri ulikojaa, na mwingi siuamini. Wapo wanaokupangia rangi kwa majira ya mwaka, eti wewe ni mtu wa masika. Mimi naangalia mwanga unavyofanya kazi. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe, huchukulia kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Weupe ukijaa kwenye fremu, inapunguza mwanga, na uso, hasa wenye ngozi nyeusi, unatoka umefifia. Mpiga picha anayeijua kazi atarekebisha, lakini shati jeupe ukilivalia koti, ukabaki ukanda mwembamba tu wa weupe kifuani, hilo tatizo linapungua lenyewe.

Nyeusi nayo inasifiwa kwamba inapunguza mwili. Ni kweli kwa kiasi, maana inameza vivuli na mikunjo. Lakini ukisimama mbele ya pazia jeusi inameza na mabega, kichwa kikabaki kinaelea peke yake. Kwa hiyo uliza mapema pazia la studio ni la rangi gani. Nisipopata jibu, mimi huchagua buluu iliyokoza au damu ya mzee, rangi ambazo ni nadra kumwangusha mtu. Chungwa kali na waridi la kuwaka siyapendi: mwanga ukiligonga shati hurudi chini ya kidevu na rangi ile ile, na ngozi inaonekana ina homa.

Mistari myembamba na drafti ndogondogo ziepuke kabisa. Ndani ya kamera kuna vinukta vilivyopangwa kwa safu, na mistari ya shati ikikaribiana kwa upana na safu hizo, yanazuka mawimbi ya rangi ambayo kwenye kitambaa hayapo. Kuyafuta baadaye kwenye kompyuta ni kazi ya kuchosha, na mara nyingine hayafutiki yote.

Wanene wengi hukimbilia nguo zinazopwaya. Naona wanajiponza wenyewe. Kamera haijui mwili umeishia wapi chini ya kitambaa. Inaona ukingo wa nguo tu, na nguo ikiwa pana, nawe unakuwa mpana. Inayobana nayo inavuta vifungo vya kifuani hadi vinafanya mikunjo. Mpelekee fundi cherehani ile unayoipenda aipunguze kidogo ubavuni. Siku yenyewe, ukikalishwa kwenye kiti, vuta koti kwa nyuma ukalie pindo lake. Kola haitapanda shingoni. Na mikono usiibane mbavuni, iache nafasi kidogo, kwa sababu mkono ukigandamizwa hutanuka.

Satini na vitambaa vingine vya kung'aa vinarudisha mwanga wa taa kwa mabaka, nami siwezi kuvitetea. Piga pasi, ibebe nguo kwenye hanga, uivalie hukohuko studio, na beba kipande cha tepu cha kutolea nywele na nyuzi mabegani. Miwani, kama unaivaa kila siku, usiivue. Safisha vioo tu.

Viatu? Vaa hata ndala, mradi umeshamuuliza mpiga picha kama hana mpango wa kukupiga umesimama mzima.