Kreatinini ikishuka kwa anayesafishwa damu, tufurahi?

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine huambiwa mapema kwamba kreatinini ni uchafu. Basi ikishuka kutoka mikromoli 900 hadi 600 kwa lita, nyumbani humshukuru Mungu. Lakini kreatinini inatokana na misuli. Figo zikishakufa, kiwango kinachopimwa kabla ya mashine hutegemea sana misuli aliyonayo mtu, na tafiti nyingi zimeonyesha kuwa wenye kiwango cha chini hufariki mapema zaidi.

Wanaotetea vipimo vya damu kama njia ya kumtambua mgonjwa anayedhoofika wana hoja nzito. Damu hutolewa mara kwa mara kwa vyovyote vile, na albumini, yaani protini kuu ya damu, ikiwa chini ya gramu 38 kwa lita imo katika vigezo vya kimataifa vya mwaka 2008 vya kudhoofu kwa wagonjwa wa figo. Albumini ndogo na vifo huandamana. Hilo halina ubishi.

Shida ni kujua kwa nini imeshuka. Wengi hudhani ni chakula, mgonjwa akahimizwa kula mayai, kumbe mpira wa shingoni unaopitisha damu kwenda kwenye mashine umeingia vijidudu. Maambukizi hushusha albumini hata kwa mtu anayekula vizuri, na maji yaliyozidi mwilini huizimua. Kreatinini nayo huweza kushuka kwa heri, kwa mfano mashine inaposafisha vizuri zaidi. Mizani ndiyo hatari kuliko vyote: misuli inayeyuka, maji yanachukua nafasi yake, uzito unabaki palepale. Uzito mkavu, yaani uzito unaolengwa baada ya mashine kutoa maji ya ziada, usipopunguzwa, mgonjwa anarudi nyumbani na maji yanayomlemea moyo, na kila mtu anaamini hajakonda.

Kwangu mimi, nguvu ya mkono inastahili nafasi kando ya damu. Kuna kifaa kidogo cha kubana; wataalamu wa Ulaya mwaka 2019 waliweka mpaka wa kilo 27 kwa wanaume na 16 kwa wanawake, chini ya hapo nguvu huhesabiwa kuwa ndogo. Kweli, viwango hivyo vilitokana na Waingereza, na siwezi kudai vinatufaa vilivyo. Ila mgonjwa aliyebana kilo 30 mwezi Januari na 24 mwezi Juni amejilinganisha na nafsi yake, na jibu hilo halisubiri maabara. Apimwe kabla ya sindano, kwa mkono usio na fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili kuchomwa sindano za mashine. Akionekana anapungua, aulizwe kwanza kama bado anajinyima nyama, samaki na maharage kama alivyoagizwa kabla ya kuanza mashine, maana sasa anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku.