Saa ya Kizungu kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anaishi Ngamiani, Tanga, pamoja na mjusi mmoja. Mijusi wengine wapo, nyumba yenyewe ya zamani, lakini huyu mmoja ndiye aliyenitafutia balaa. Ikifika usiku anapanda ukuta wa sebuleni, anaisogelea sensa ya alamu, anajilaza juu ya kioo chake kama amelipia kodi. King'ora kinalia. Mtaa unaamka. Mama mkwe ananipigia simu Dar es Salaam saa nane za usiku: "Baba, yule mgeni wako kaja tena."

Mgeni ni wangu kwa sababu alamu niliifunga mimi. Ndiyo kazi yangu: alamu, kamera, fensi za umeme. Sensa ya aina ile haimwoni mtu, inaona joto linalohama. Mjusi akikatiza sakafuni, haina habari naye. Akikaa juu ya jicho lake ndipo anapogeuka jambazi la miraba minne. Nilishaweka maganda ya mayai, nilishapaka mafuta ya taa. Mjusi akayazoea yote mawili.

Basi Ramadhani iliyopita tukaenda Tanga, mimi na mke wangu, tumalizie kumi la mwisho kwa mama. Nikabeba kompyuta na waya wa kuunganishia, maana watengenezaji wa lile boksi la alamu walikuwa wametoa fimwea mpya. Fimwea ni ile programu inayokaa ndani ya boksi lenyewe. Ukiibadilisha, boksi ni lilelile ila akili nyingine. Hii mpya ilikuja na kitu nilichokililia muda mrefu: kuhesabu mara mbili. Sensa ikishtuka mara moja, boksi linavumilia. Ikishtuka tena ndani ya muda mfupi, hapo ndipo linapiga kelele. Nikasema mjusi kazi yake imekwisha.

Fimwea ilikuja na waraka wa kurasa tisa. Nikasoma ukurasa wa kwanza, ule wenye habari njema. Ukurasa wa saba ulikuwa na kichwa cha habari "Kasoro zinazojulikana". Huko sikufika. Fundi mwenye miaka 12 kazini akae asome waraka kama mtoto wa field?

Alasiri ile nikapanda juu ya kiti, nikafungua boksi, nikachomeka waya. Tahadhari niliyoijua niliichukua: nilihakikisha betri ya volti 12 imejaa, ili umeme ukikatika katikati ya kazi boksi lisibaki zuzu. Asilimia 40. Asilimia 70. Mia. Boksi likazima, likawaka, likalia kidogo kama kifaranga. Nikajaribu kwa rimoti: funga, fungua, funga, fungua. Safi kabisa.

Mama mkwe alikuwa mkekani anachambua mchele wa futari, miwani iko kwenye ncha ya pua. Akanyanyua macho, akakitazama kile kibao cha namba ukutani.

"Mwanangu, mbona saa ya hicho kidude inasema saa saba, na alasiri tumeshaswali?"

Nikatazama. 1:12. Nikacheka kile kicheko chetu mafundi tunachowachekea wateja.

"Mama, hiyo ni saa ya Kizungu. Usiihangaikie."

"Haya, baba."

Akarudi kwenye mchele wake. Sasa, mama mkwe wangu amefundisha hesabu shule ya msingi miaka 31. Nusu ya watu wa barabara ya 12 saa ya Kizungu wamefundishwa na yeye, wengine kwa fimbo. Ile 1:12 alikuwa ameshaigeuza kichwani kabla sijashuka kwenye kiti, akapata saa saba na dakika 12. Saa yenyewe ilikuwa saa kumi. Alikuwa ananiambia kwa adabu kwamba boksi langu limepoteza masaa matatu, na mimi nikamjibu kwa somo la darasa la pili.

Ratiba ya alamu nilikuwa nimeipanga zamani: saa nne usiku sebule na ukumbi vijifunge vyenyewe, yaani sensa zianze kulinda, saa kumi alfajiri vijifungue, ili mama apite kwenda jikoni kutengeneza daku. Usiku ule saa nne ikapita hakuna kilichofunga, na hakuna aliyejua; tulikuwa tumerudi tarawehe tunakunywa kahawa. Saa saba usiku, wakati sote tunakoroma, boksi likaona saa nne imefika. Likafunga. Na saa kumi alfajiri, mama alipotoka chumbani na kanga zake mbili, kwa hesabu za boksi ilikuwa bado ni saa saba, usiku wa manane, na kuna mtu anazurura ukumbini.

Hapa lazima niisifie ile fimwea. Mama alipopita mara ya kwanza, boksi likavumilia, kama walivyoahidi. Ila alipofika mlango wa jikoni akakumbuka kiberiti kiko sebuleni, akageuka.

King'ora cha ndani kina desibeli 110, imeandikwa ubavuni mwake. Cha nje hakipungui hapo. Nikatoka chumbani na singlendi na msuli, nikamkuta mama mkwe amesimama katikati ya ukumbi ameshika sufuria kifuani, hakimbii, ananitazama tu, kama anasubiri mwanafunzi aje ubaoni.

Nikaandika namba yake ya siri. Ikakataa. Nikaandika tena polepole. Ikakataa. Mara ya tatu nikaandika kwa nguvu, sijui nilidhani vitufe vinaogopa. Kibao kikanifungia nje sekunde 90.

"Rimoti!" nikampigia mke wangu kelele.

"Iko wapi?"

"Kwenye suruali!"

"Suruali nimeiloweka!"

Nikasema basi, boksi lenyewe. Nikalifungua. Mlangoni mwa boksi la alamu kuna swichi ndogo ya kuwakamata wezi wanaolichokonoa. Ikanikamata mimi, na kelele zikabadilika mdundo. Nikazima umeme, nikang'oa betri. King'ora cha ndani kikanyamaza. Nikavuta pumzi. Cha nje kikaendelea.

Na hiki nakijua vizuri, maana kila mteja huwa namhadithia kwa mbwembwe: "Bosi, hiki king'ora cha nje kina betri yake tumboni. Mwizi akikata waya, anakiudhi tu." Wateja hufurahi sana nikifika hapo. Nikamwona mama mkwe naye anakumbuka kwamba nilimhadithia.

Tanga, waja leo waondoka leo, ndivyo wasemavyo. Mimi nilitamani niwe nimeondoka jana. Nilipofungua mlango wa nje barabara imejaa. Wanaume na mapanga. Kina mama na michi. Wale vijana wanaopita wakigonga madebe kuamsha watu daku walikuwa wameshakaa kwenye baraza yetu, wanagonga kwa kufuata king'ora, na wameipatia kwelikweli. Mmoja akaniuliza kama tutakuwa nacho kila usiku.

Jirani akaleta ngazi. Mke wangu akatoa godoro la sponji la mtoto. Nikapanda, nikalikumbatisha lile godoro kwenye king'ora kwa mikono miwili, na kweli sauti ikapungua, ikawa kama mbuzi aliyefungiwa chumbani. Hapo ndipo nilipohisi fundo la msuli linalegea. Mikono miwili ina godoro. Msuli hauna mtu. Nikamwita mke wangu kwa jina lake mbele za watu, jambo ambalo kwa mama yake silifanyi, akaja akaushika msuli kwa chini, tukabaki hivyo kama watu wanaosimika bango la uchaguzi.

Katika hali hiyo akafika shemeji yangu, mbio kutoka Chumbageni. Nyuma yake balozi wetu wa nyumba kumi. Nyuma ya balozi, imamu wa msikiti wa jirani. Wote watatu simu mkononi.

"Umetupigia," balozi akasema, akinitazama juu.

Sikuwa nimempigia mtu. Boksi ndilo lililopiga. Lina laini ya simu ndani, na likishtuka hupigia namba tatu kwa zamu na kusema ujumbe uliorekodiwa, linarudia mpaka mtu abonyeze namba ya kukubali. Ujumbe niliurekodi mwenyewe kwa sauti ya redioni: "Hii ni dharura, kuna uvamizi nyumbani kwa Mwalimu." Huo uko nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza kuna majaribio niliyoyafanya siku ya kuifunga alamu, nikiwa peke yangu juu ya kiti, nikipima kama kinasa sauti kinashika. Nilikuwa nimeshasahau kama yapo.

"Sema vizuri, mzee," nikamwambia balozi, "boksi limesemaje?"

Balozi ni mtu mwaminifu. Akasema neno kwa neno, kwa sauti, maana king'ora kilikuwa bado kinalia kama mbuzi.

"Limesema: Haloo, haloo. Moja, mbili. Majaribio. Nyie, tangu asubuhi niko juu ya kiti, malipo yangu sahani ya biriani. Na biriani lenyewe nyama moja. Haloo."

"Mimi limenirudia mara tatu," shemeji akasema.

"Mimi nilidhani kuna mtu ametekwa," imamu akasema.

Kimya cha ghafla. Na ni kimya kweli, kwa sababu dakika ileile king'ora kikazima chenyewe. Vimetegwa kuzima baada ya muda ili visiwatie majirani wazimu. Ingekuwa heri kingeendelea kidogo. Kila mtu akageuka kumtazama mama mkwe mlangoni. Mama mkwe akautazama ule msuli, akamtazama binti yake anayeushika, akasema watu wakale daku, adhana haiko mbali.

Ndani nikarudisha betri, nikawasha umeme. Kibao kikaamka kinadai namba ya siri. Mikono inatetemeka.

"Jaribu moja, mbili, tatu, nne," mama akasema nyuma yangu.

"Mama, hakuna mtu anayeweka..."

"Jaribu."

Ikakubali. Kibao kikaandika "Karibu", na mjusi, nimemwona kwa macho yangu, alikuwa juu ya sensa anatutazama.

"Watoto wote wa darasa la tano huweka hiyo kwenye simu za baba zao," mama akasema. "Nilidhani na wenye kiwanda watakuwa hivyohivyo."

Baada ya swala ya alfajiri nikafungua ule waraka ukurasa wa saba. Mama akaja kukaa karibu, akaniambia nisome kwa sauti, nimtafsirie. Nikasoma. Baada ya kuweka fimwea mpya, saa ya boksi inaweza kurudi kwenye saa ya Greenwich, fundi aipange upya. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele ya Greenwich kwa masaa matatu, nikamweleza, akasema anajua. Namba ya siri ya mtumiaji wa kwanza inaweza kurudi ile ya kiwandani. Ujumbe wa sauti unaweza kurudi nafasi ya kwanza. Ya mwisho ilihusu rangi ya taa fulani, hiyo hatukuihangaikia.

"Kwa hiyo walijua," mama akasema.

"Walijua, mama."

"Na wakaandika."

"Wakaandika."

"Zinazojulikana." Akalirudia lile neno kama mtu anayeonja chumvi. "Kwenye mitihani yangu maelekezo niliyaweka juu kabisa. Na bado kuna waliokuwa wanaanza na swali la kwanza."

Siku nzima nikatengeneza. Saa nikaipanga, na safari hii nilimwita mama aje aikague. Namba ya siri nikaibadilisha. Majaribio ya nafasi ya kwanza nikayafuta, nikarudia kufuta, nikang'oa betri nikarudisha kuhakikisha yamefutika. Shemeji akaniambia nimechelewa, yeye lile biriani ameshalihadithia mpaka kazini kwake.

Magharibi ilipoadhiniwa tukafungua kwa tende na maji, tukaswali, tukarudi mkekani. Mama mkwe akawa amealika watu: balozi, imamu, shemeji na mkewe. Mke wangu akaleta sinia, akaondoa kawa. Biriani.

Mimi macho yangu yako kwenye ua la mkeka. Mama akachukua sahani yangu, akapakua wali, akachovya upawa kwenye sufuria ya mchuzi, akatoa pande la nyama, akaliweka katikati ya sahani kwa utulivu wote wa ubaoni.

"Haloo, haloo," akasema. "Moja."

Akachota jingine.

"Mbili."