Kidude cha Muziki Hakistahili Jaa

Wiki iliyopita, katika duka moja la ufundi Darajani, Unguja, nilimsikia kijana akimwambia mzee aliyeleta kidude chake cha MP3 kilichokataa kuwaka: "Babu, hiki tupa tu, nyimbo zote siku hizi zimo kwenye simu." Mzee alikirudisha katika mfuko wa kanzu, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Kauli ile imenikera mno, kwa sababu fundi hakukifungua hata kukitazama, na kwa sababu alilolisema si kweli.

Mwimbaji wetu wa taarabu Siti binti Saad alirikodiwa Bombay mwaka 1928. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa mwaka 1905, na kile cha Culture mwaka 1958. Nani atadai kwamba yote yaliyopigwa na kuimbwa visiwani muda wote huo yamo mtandaoni? Taarabu za harusini, maulidi ya mitaani na sauti za mabibi waliokwisha kutangulia mbele ya haki, mara nyingi zilitolewa katika kanda za kaseti zikatiwa kwenye vidude hivi, na kanda zenyewe zimeshaliwa na ukungu. Anayesema "tupa" hajui anachokitupa.

Aghalabu kinachokufa ni betri, kidude chenyewe kikiwa kizima. Betri hizi ni za lithiamu. Zikijaa hufikia volti 4.2, na zinapokaa katika hali hiyo ya kujaa huchoka upesi, khasa palipo na joto. Tazama basi tunavyozitenda: kaskazi imepamba moto, na kidude kimeachwa mbele ya kioo cha gari lililoegeshwa juani Michenzani, au kimechomekwa kwenye chaja tangu Isha hadi Alfajiri, nacho kimefunikwa na mto. Mwenye kutaka betri yake idumu na aichomoe inapokaribia kujaa, asingoje izime kabisa ndipo aichaji, na akikiweka kidude kabatini kwa muda mrefu akiache na chaji ya takriban nusu, kwa kuwa betri iliyoisha kabisa na kutelekezwa miezi mingi huenda isipokee umeme tena. Ikivimba, isitobolewe wala kukandamizwa, kwani inaweza kushika moto. Itolewe na mtu anayeijua kazi. Aghalabu imeungwa kwa nyaya mbili au tatu za lehemu, na fundi mwenye mita na mkono uliotulia anaweza kuiondoa na kuweka nyengine ya volti 3.7 inayoenea mahali pake. Hilo ndilo ninalowataka mafundi wetu walifanye: wapime kwanza, wataje bei ya betri, kisha mwenye mali aamue mwenyewe.

Adui mwengine ni chumvi, nasi tumezungukwa nayo. Upepo wa bahari huingia hadi ndani ya tundu la hedifoni, na shaba ikaota kutu ya kijani. Mtu akirushiwa maji ndani ya boti ya kwenda Mkoani, Pemba, hukimbilia kukifukia kidude chake katika mchele. Lakini mchele hauondoi chumvi, nayo hubaki maji yakishakauka, ikaendelea kuvuta unyevu na kuzila njia za umeme. Kizimwe hapo hapo, kisichajiwe, kifunguliwe na kusafishwa kwa spiriti.

Kuhusu masikio nitasema moja: Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki, kwa hiyo tusishindane na honi za daladala.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba simu hucheza muziki vizuri na kwamba kijana hana haja ya kubeba vitu viwili. Hata hivyo, aliyekuwapo Unguja umeme ulipokatika Disemba 2009, tukakaa gizani takriban miezi mitatu, anajua thamani ya kifaa kinachocheza saa nyingi kwa chaji moja bila ya kuimaliza simu ambayo huenda ikahitajika usiku kumwitia mgonjwa gari.

La haraka kuliko yote ni nakala. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 4, inayotiwa ndani ya kidude, hubeba zaidi ya saa 60 za muziki wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde, na saa zote hizo zinaweza kupotea kwa kadi kuchomolewa wakati faili zinaandikwa. Vijana wenye kompyuta, wafuateni wazee wenu wiki hii, muwaombe kadi zao kwa heshima, mnakili kila kilichomo mahali pawili tofauti, na muwaulize jina la kila mwimbaji na mwaka wa kila harusi, mkaandike hayo katika majina ya faili kabla ya kuwarudishia.