Bahari ya Vancouver na vichochoro vya kwetu Mombasa

Watu wa Pwani tunaoishi Kanada tukikutana, hatuchelewi kuulizana kama kuna bahari yoyote ya huku inayofikia yetu, na kila mmoja hutarajia kuambiwa kwamba hakuna. Mimi ninaishi Edmonton, mji wa bara usio na hata harufu ya chumvi, na tangu nilipokwenda Vancouver na familia yangu kwa likizo ya kiangazi, jibu langu kwa swali hilo limerefuka. Kwa maji na mchanga, Vancouver haina la kutuambia, kwa sababu maji yake ni baridi hata mwezi wa Julai na ufuo wake hauna weupe wa Nyali. Walichotuzidi ni njia ya kuifikia bahari, na hilo halikuletwa na maumbile bali na uamuzi wa watu.

Mji huo umezungukwa na njia ya ukingoni mwa bahari, Seawall kama wanavyoiita wenyeji, ambayo ukiifuata mwanzo hadi mwisho utakuwa umetembea takriban kilomita 28. Sehemu yake mashuhuri ni ile inayoizunguka Stanley Park, msitu wa hekta 400 hivi uliofunguliwa kuwa bustani ya umma mwaka 1888 na ambao mpaka leo umepakana na katikati ya mji. Ujenzi wa sehemu hiyo ulianza mwaka 1917, ukasitasita kila fedha zilipopungua, na mzunguko haukukamilika hadi mwaka 1980. Wenye baiskeli wana upande wao, nao huzunguka kwa mwelekeo mmoja tu ili wasigongane, na waendao kwa miguu wana upande wao karibu na maji. Tulitembea siku nzima, tukapita chini ya daraja la Lions Gate huku milima ikiwa ng'ambo ya pili, na hakuna aliyetudai tiketi wala kutuuliza tunakwenda wapi. Pale English Bay manispaa imepanga magogo makubwa kwa safu juu ya mchanga ili watu wayaegemee. Kwenye gogo letu upande mmoja alikaa bibi mmoja aliyekuwa akifuma sweta, na upande wa pili vijana waliokuwa wakila chipsi, na ni dhahiri kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mgeni wa hoteli yoyote.

Mkabala na ufuo huo kuna bomba la maji ya kunywa lililojengwa kumkumbuka Joe Fortes, mtu mweusi kutoka visiwa vya Karibi aliyefika Vancouver mwaka 1885, akawa mlinzi wa waogeleaji wa English Bay na akawafundisha watoto wengi wa mji ule kuogelea hadi alipofariki mwaka 1922. Wanangu walilisoma jina lake kwa sauti. Hata hivyo, nisiwasifu wenyeji wetu kupita kiasi. Bustani hiyo iliyo wazi kwa wote ilikuwa makao ya watu wa asili, wakiwemo Wasquamish na Wamusqueam, na familia zilizokuwa zikiishi humo ziliondolewa ili wengine wapate mahali pa kupunga upepo. Nguzo za kuchongwa ambazo watalii hupigia picha pale Brockton Point zimesimama karibu na mahali palipokuwa na nyumba za watu hao waliohamishwa, jambo ambalo wapiga picha wengi hawalijui.

Sasa nije kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 62, inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya kiwango cha maji kujaa na kiwango cha maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa maandishi, basi, ufuo wa Bamburi ni wangu kama ulivyo wa mwenye hoteli. Lakini mchanga wa umma usiofikika una faida gani? Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho, nilimchukua shangazi yangu tukaangalie bahari kupitia kichochoro alichokitumia tangu ujana wake, katikati ya kuta mbili zilizopandwa vipande vya chupa juu. Mwisho wa kichochoro tulikuta lango jipya na mlinzi kwenye kiti cha plastiki. Alituamkia kwa heshima, akasema, "Mama, samahani, huku ni kwa wageni wa hoteli tu." Shangazi hakubishana naye. Alinishika mkono tukarudi barabarani, tukapanda matatu hadi ufuo wa umma, ambako umati wa Jumapili ulikuwa umebanana kiasi cha kukosa pa kutandika leso.

Simaanishi kwamba Mombasa haijui kumfikiria mtu wa kawaida. Feri ya Likoni humvusha bure kila aendaye kwa miguu, ilhali chombo kinachovuka kwenda North Vancouver hulipiwa nauli. Bustani ya Mama Ngina, iliyotengenezwa upya mwaka 2019, haina kiingilio, na jioni yoyote utawakuta watu wakila mihogo yenye pilipili na ndimu huku meli zikiingia bandarini chini yao. Kwa uchangamfu Vancouver haifui dafu hapo: ufuo wao jioni ni wa kimya, kila mtu na wake, na muuza chakula ni lazima umtafute.

Wenye hoteli hujitetea kwa kusema kwamba wageni husumbuliwa na wachuuzi, na kwamba malango ni ya usalama. Usumbufu upo, sikatai, lakini dawa yake ni kuwasajili wachuuzi na kuweka askari ufuoni, si kumzibia njia mama wa Kisauni. Pale English Bay majumba ya ghorofa na hoteli zimetenganishwa na mchanga kwa barabara ya umma, na bado vyumba vyao hukodishwa ghali mno wakati wa kiangazi. Vancouver ilichukua zaidi ya miaka 60 kupanga mawe kuzunguka bustani moja. Kuanzia Nyali hadi Shanzu mchanga umeshatandazwa na Mungu, kwa hiyo serikali ya kaunti haina ukuta wa kujenga. Itoe ramani ya vichochoro vyote vya umma, iweke kibao penye kila kimoja, na iyaondoe malango yaliyowekwa bila haki.