Sikumbatiza Bibi Harusi, Ni Shangazi Yake

Wadau, kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya samaki, sikilizeni na upande wangu. Yule jamaa wa bodaboda wa Kibirizi, ambaye hata hakuwepo, kawaambia kwamba Jumamosi nimembatiza bibi harusi Ziwa Tanganyika. Uongo mtupu. Bibi harusi alilowa upindo wa gauni tu. Niliyembatiza ni shangazi yake.

Kile kigari cha gofu cha kushusha wageni toka getini mpaka ufukweni mnakijua. (Gofu yenyewe naionaga kwenye TV.) Tairi zilikuwa zimebaki vipara, bosi akanipa hela nikanunue nyingine. Ubavuni mwa zile za zamani imeandikwa 18x8.50-8: kimo inchi 18, upana inchi nane na nusu, rimu namba 8. Mwenye akili anaagiza hizohizo, zenye kashata (yale meno ya tairi) fupi zisizochimba majani ya bustani, anaenda zake kula migebuka. Mimi nikaona picha ya kigari kimesimama kama Land Cruiser, tairi inchi 22, kashata nene kama vigae. Nikasema hiki ndicho Kigoma ilichokuwa inakisubiri. Zikaja kwa basi kutoka Dar, na rimu zake za namba 10.

Nilichopitiliza ni kwamba kile cha pichani bodi yake ilinyanyuliwa kwa vyuma maalumu. Ninyi mngeliona hilo? Msinijibu.

Fundi bajaji wa Mwanga aliinama, akachomeka vidole viwili kati ya tairi na madigadi. Vikabana. "Kaka, akipanda mtu hizi zitakula bodi." Nikamwambia abaki na bajaji zake. Tukakaza nati nne kila tairi, nikazunguka uwanja mara tatu, kona zote kinakata. Nikakipiga picha, mkaniwekea mioto humuhumu. Ila kilikuwa kitupu. Hapo kwenye "kitupu" ndipo pa kunisamehe au kuninyonga.

Jumamosi. Maharusi wamekaa siti ya nyuma, ile inayotazama kinyumenyume, wanapungia watu. Pembeni yangu kapanda shangazi wa bibi harusi kutoka Kasulu, mama wa heshima zake, mwili wa neema, mkoba mapajani. Alipokaa, springi zikasema "nyiii." Nikaamkia, "Shikamoo shangazi," nikijifanya sijasikia.

Mteremko ukaanza. Nyuma panasaga, kwaruuu, na harufu ya mpira unaoungua. Matarumbeta yanapigwa, hakuna aliyejua ila mimi na pua ya shangazi.

Tukafika pale kwenye mwembe, njia inapokata kulia kwenda kwenye mahema. Nikakata kulia. Usukani ukaenda nusu, ukagoma. Nikauvuta kwa mikono miwili. Ukanitazama. Tairi la mbele limeng'ang'ania madigadi kama mtoto na chuchu.

"Baba, mahema si yale?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mbona tunayaacha?"

Nikakanyaga breki. Breki za kigari hiki zinashika nyuma tu, na tairi likiwa kubwa breki inalemewa zaidi. Tena tulishaingia kwenye mchanga. Kikaserereka taratibu kabisa, kama kimeamua chenyewe. Mpigapicha kajitupa pembeni. Shangazi kanishika shati. Maharusi wao wanaangalia walikotoka, bado wanapunga mikono! MC naye, Mungu anamwona, akachukua maiki: "Na sasa maharusi wetu wanaelekea... ziwani!" Watu wakapiga vigelegele wakidhani ni ratiba.

Chubwi.

Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, mimi nimekwama kwenye maji ya kifundo cha mguu. Kimya. Hata tarumbeta la mwisho lilikatika katikati. Bibi harusi akageuka polepole, akanitazama, akatazama maji, akanitazama tena. Shangazi akataka kushuka kwa hasira upande wake, kiatu kikanasa, akakaa. Kwenye maji. Na mkoba wake kichwani.

Mengine mnayajua: vijana sita wakasukuma, jioni fundi akarudisha vipara bila kusema neno (angalau angesema!), bosi anakata mshahara mpaka Desemba. Mtunza bustani bado ananionyesha majani yaliyochimbwa. Zile inchi 22 ziko stoo, na fundi viatu mmoja ameshaziulizia za katambuga.

Halafu wavuvi wa Kibirizi mlioko humu, nawaomba: mkinasa kiatu cha kike cha mguu wa kushoto, rangi ya dhahabu, namba 41, nipigieni. Shangazi amesema haondoki kurudi Kasulu bila hicho kiatu, na anajua ninapokaa.