Lawama ya Damu ya Waziristan Imfikie na Mkoloni

Kila zinapotajwa vurugu za Waziristan, iliyo Pakistan ya leo, na maeneo mengine ya Wapashtuni yanayopakana na Afghanistan, husikika kauli ileile, kwamba wale ni watu wa visasi na bunduki tangu enzi za mababu zao. Naikataa kauli hiyo, kwa sababu inamwondolea lawama aliyetunga sheria za eneo hilo.

Mwaka 1893 Mortimer Durand, ofisa wa Uingereza nchini India, alikubaliana na Amiri Abdur Rahman Khan wa Afghanistan juu ya mpaka uliowagawa Wapashtuni pande mbili, na Waingereza wakawafanya waliobaki upande wao kuwa ngao ya koloni lao la India. Walidai kwamba makabila hayo yameachwa yajitawale. Lakini Kanuni za Makosa ya Mpakani walizozitoa mwaka 1901 zinasema mengine kabisa: kifungu cha 21 kiliwaruhusu maofisa kulitangaza kabila zima kuwa adui, kuwakamata watu wake popote walipo na kutwaa mali zao, na kifungu cha 40 kilitosha kumfunga mtu hadi miaka 3 kwa kushindwa kutoa dhamana ya mwenendo mwema, bila kosa lolote kuthibitishwa. Kijana mmoja akivamia msafara, mifugo ya jamaa zake wasiohusika ilichukuliwa. Wazee wa jirga, yaani baraza la kimila, waliosikiliza kesi waliteuliwa na ofisa wa serikali, na malik, yaani wakuu wa makabila, walipokea posho kutoka kwake. Huko ndiko kujitawala kwa namna gani?

Mwaka 1925 ndege za kivita za Uingereza ziliwashambulia Wamahsud, kabila la Wapashtuni wa Waziristan Kusini, kwa wiki kadhaa, bila jeshi la nchi kavu. Mtoto aliyekua akiiona serikali kwa sura mbili tu, posho ya malik na bomu kutoka angani, angejifunzia wapi kwamba ugomvi humalizwa mahakamani? Fakiri wa Ipi, kiongozi wa dini wa Waziristan, alipoongoza uasi dhidi ya Waingereza kuanzia mwaka 1936, alikuta watu ambao tayari walikuwa na kila sababu ya kumfuata.

Sikatai kwamba visasi vilikuwepo kabla ya Mwingereza. Ila mwaka 1934 serikali hiyohiyo ya kikoloni iliweka sheria ya namna hiyo kaskazini mwa Kenya, ambako kabila la wafugaji liliweza kutangazwa adui na mifugo yake kushikwa, na huko nako manung'uniko dhidi ya serikali yakaota mizizi. Wasomali na Waborana hawana mila moja na Wapashtuni. Kilichofanana ni sheria.

Pakistan ilizirithi kanuni za 1901 na kuzishikilia hadi mwaka 2018, ikawanyima watu wazima wa maeneo hayo haki ya kupiga kura hadi mwaka 1996. Kosa hilo ni la Pakistan, na halimpunguzii mzigo aliyeliasisi. Serikali ya Uingereza inapaswa kukiri waziwazi kwamba iliwaadhibu wasio na hatia, kijiji kwa kijiji, na kwamba ilifanya hivyo kwa mujibu wa sheria iliyoiandika yenyewe.