Kodi ya Miezi Sita Haitengenezi Koki: Hoja ya Amana katika Nyumba za Kupanga Tabora

Katika mitaa ya Isevya, Cheyo na Ipuli mjini Tabora, mwenye nyumba anayejihadhari na mpangaji asiyemfahamu hufanya jambo moja: humdai kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla ya kumkabidhi ufunguo. Yule anayedai kodi ya miezi mitatu pamoja na amana ya mwezi mmoja, itakayorudishwa siku ya kuhama ikiwa nyumba iko salama, huonekana mwenye tamaa anayetoza mara mbili. Naona huyu wa pili anahukumiwa visivyo haki, ingawa wanaomtilia shaka wana sababu nzito.

Tuchukue nyumba ya kodi ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa utaratibu wa miezi sita, mpangaji hutoa shilingi 600,000, mbali na malipo ya dalali. Kwa miezi mitatu na amana hutoa 400,000, na katika hizo, 100,000 bado ni mali yake. Kwa muuguzi aliyepangiwa Hospitali ya Kitete na ambaye hajaona mshahara wa kwanza, au kwa mzazi anayemtafutia chumba mwanafunzi wa Chuo cha Utumishi wa Umma, tofauti hiyo ya 200,000 ni godoro, jiko na chakula cha mwezi.

Hata hivyo, linalonisumbua zaidi ni kwamba kodi ya mbele haimkingi mwenye nyumba na uharibifu, ambao ndio hasa anaouogopa. Kodi hiyo ni malipo ya kukaa, nayo huisha kadiri miezi inavyopita, hata mwezi wa sita unapomalizika mwenye nyumba hana senti ya mpangaji mkononi. Hapo ndipo anapokuta kitasa kimeng'oka, sinki limepasuka, dari imeshika masizi ya mkaa, na bili ya maji haijalipwa kwa miezi minne. Umeme wa LUKU hununuliwa kabla ya kutumika, lakini maji hulipiwa baada ya kutumika, na deni hubaki kwenye mita ya nyumba hata mpangaji akiwa ameshapanda treni ya Mwanza.

Zile 600,000 nazo hazikukaa zikisubiri matengenezo, kwa sababu ziliingia kwenye saruji na mabati ya nyumba ya pili, kwenye ada, au kwenye vibarua vya shamba la tumbaku kule Urambo. Tena mwenye nyumba aliyekwisha kulipwa hana sababu ya kubisha hodi kabla ya miezi sita. Koki iliyoanza kudondosha maji mwezi wa pili huwa imelowesha ukuta mzima kufikia wa sita. Mchwa wa Tabora hawahitaji hata muda huo: huichimba fremu ya mlango kwa ndani, wakaacha rangi imesimama peke yake. Mpangaji aliyeiona njia ya udongo ikipanda nyuma ya kabati hakuwa na cha kupoteza kwa kunyamaza. Akiwa na amana yake ya 100,000 ndani ya nyumba hiyo, na akijua kwamba taarifa ya mapema itamwondolea lawama, atapiga simu siku hiyo hiyo.

Upande wa pili una hoja. Amana ya mwezi mmoja haiwezi kufidia malimbikizo ya kodi na mlango uliovunjwa kwa pamoja, na kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa ajili ya shilingi laki tatu ni safari inayoweza kula muda na nauli kuliko deni lenyewe. Hilo nalikubali.

Hoja nzito zaidi ni ya wapangaji, kwamba amana hairudi. Nchini Uingereza, tangu Aprili 2007, mwenye nyumba wa England na Wales analazimika kisheria kuilinda amana katika mfumo ulioidhinishwa na serikali, nayo migogoro inaweza kusuluhishwa bila kupitia mahakamani. Kwetu hakuna chombo cha namna hiyo. Amana hukaa mfukoni mwa yule yule atakayeamua kama uharibifu upo. Mpangaji anayelijua hilo hugoma kulipa kodi ya mwezi wa mwisho, akasema ikatwe kwenye amana, na kinga yote ikayeyuka.

Kinachokosekana ni kumbukumbu. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji aitunze nyumba katika hali inayofaa, lakini haimdai airudishe ikiwa bora kuliko alivyoikuta. Sheria hiyo hiyo inaruhusu upangaji usiozidi mwaka mmoja uwe wa maneno tu. Basi hali ya nyumba ilivyokutwa itathibitishwa na nani? Mwenye nyumba anayetaka amana bila kuandika hali hiyo anamtegea mpangaji mtego, na hapo simtetei.

Anayestahili kutetewa hupita chumba kwa chumba pamoja na mpangaji kabla ya kumpa ufunguo, akapiga picha kwa simu, akaandika usomaji wa mita ya maji na umri wa rangi na wa koki, wakatia saini mbele ya shahidi, kisha amana akaishika mtu wa tatu wanayemwamini wote wawili. Kila baada ya miezi mitatu, anapofuata kodi, hukagua kwa ruhusa ya mpangaji. Fremu iliyoliwa na mchwa kwa sababu msingi haukuwekwa dawa ni gharama yake mwenyewe. Rangi iliyofifia baada ya miaka minne ni uchakavu, nayo haikatwi. Aliyevunja kioo cha dirisha hukatwa bei ya kioo na ya fundi, akaonyeshwa risiti, na kinachobaki akakabidhiwa siku ile ile anayorudisha ufunguo.